Darubini Iliyompindua Baba

Juzi kijana mwenye duka la vifaa vya safari hapa Karatu alitaka kunifundisha darubini. Nilikuwa nimemwendea kwa shida ya kweli. Mjukuu wangu Yasinta ameajiriwa katika kambi ya uwindaji huko upande wa Loliondo, kazi yake ni kuwatafutia wageni wanyama, nami nilitaka aende na kifaa chake mwenyewe, asikae akiazima cha watu. Kijana akaweka mbili juu ya kaunta. Hii ya macho mawili, bibi, ni ya mtu anayetembea. Hii ndefu ya jicho moja, yenye miguu mitatu, ni ya mtu anayekaa akatulia. Lazima achague moja, maana porini hakuna anayebeba zote. Aliyasema hayo kama mtu anayemweleza mtoto tofauti ya kijiko na uma.

Kisha akaufungua mkoba wa ile ndefu. Ulikuwa mkoba wa ngozi, mkuukuu, alioununua kwa mgeni aliyekuwa akirudi kwao. Harufu ikanijia: ngozi, mafuta ya mashine, na vumbi lililokaa mahali pamoja miaka mingi. Nikalazimika kuishika kaunta. Kijana wa watu alidhani ni presha, akanisogezea kiti. Nikamwambia presha sina. Nilicho nacho ni hasira, na hasira yenyewe imemzidi umri.

Kwetu kulikuwa pale ambapo mashamba yanaishia na msitu wa Ngorongoro unaanza. Katikati palikuwa na korongo tu. Upande huu mahindi na maharage yetu, upande ule vichaka, halafu miti mikubwa yenye ukungu hadi saa nne asubuhi. Nyumba ya bibi yangu mzaa baba, ambaye kwa Kiiraqw tunamwita Ama, ilikuwa tembe ya zamani iliyochimbiwa ubavuni mwa kilima. Nyuma, paa lake la udongo liliungana na ardhi, kiasi kwamba mbuzi walipanda juu yake bila kujua kwamba wamepanda nyumba. Mbele, ukingo wa paa ulikuwa juu kidogo tu ya kichwa cha Ama, naye alikuwa mfupi. Mimi niliishi zaidi juu ya paa lile kuliko nilivyoishi ndani. Nilikaripiwa kila siku, na kila siku nilipanda.

Ama alikuwa na jicho moja. La pili lilikufa kwa ugonjwa wa vikope akiwa bado msichana. Usimhurumie. Alikuwa mkali, alivuta ugoro, na aliweza kukuambia ni ng'ombe wa nani anayeshuka kilima cha mbali kwa kumtazama anavyotupa miguu.

Mwaka huo mbogo alikuwa ametushinda. Alikuwa dume mzee, peke yake, pembe ya kulia imekatika katikati. Alivuka korongo alfajiri, akala mahindi, akakanyaga asiyoyala. Watu walipiga madebe mpaka yakapinda. Siku moja jirani yetu Mzee Bura alikutana naye kwenye njia ya maji, na mbogo akampasua paja. Mzee Bura alipona, lakini hakutembea tena bila fimbo, na tangu hapo akina mama walikwenda mtoni kwa makundi, wakiimba kwa sauti ili mnyama asikie mapema aondoke.

Ndipo akaja bwana nyama na bunduki ya serikali. Alikuwa mtu mkavu, asiyerudia maneno. Aliwaambia wanaume kwamba kibali chake ni cha mbogo mmoja tu. Wakimwonyesha asiye yeye akampiga, kazi yake imekwisha, na yule wao watabaki naye. Baba ndiye aliyepewa jukumu la kumwonyesha, kwa sababu alikuwa amefanya kazi ya kufuata nyayo kwa Mzungu mmoja wa shamba la kahawa upande wa Oldeani. Maana ya jukumu lile niliielewa hata kwa utoto wangu. Baba ndiye angetangulia kichakani.

Mzungu huyo alikuwa anafunga mizigo aondoke nchini. Alikuwa na darubini mbili za kuwindia, akamwambia baba achukue moja, nyingine airudishe, maana ameshamuahidi mtu. Baba hakutaka kuchagua peke yake kitu ambacho kijiji kizima kingekitegemea. Akaomba siku tatu, akazileta zote mbili nyumbani, na uwanja wa Ama ukajaa watu kuliko siku ya ubatizo.

Ya macho mawili ilipendwa mara moja. Ilivaliwa shingoni, na kila aliyeivaa alivuta kifua mbele akawa mkubwa wa kitu fulani. Unaiinua, msitu unakuja, unageuka, kilima kingine kinakuja. Ila ukitaka kujua mbogo yule kule ng'ambo ana pembe ngapi, unabaki kubahatisha, maana mikono inatetemeka na mnyama mwenyewe ni kama punje ya mtama. Ile ya jicho moja ilikuwa nzito, ikahitaji kusimamishwa kwa miguu yake mitatu na kutafutiwa mahali kwa subira. Lakini ukishampata mnyama, unamhesabia kupe sikioni.

Tatizo lilikuwa moja. Kioo kimojawapo cha ndani kilikuwa kimepotea zamani, na bila kioo kile darubini ilionyesha kila kitu juu chini. Hayo ya kioo nilielezwa nikiwa mtu mzima. Wakati ule tuliona tu msitu unaning'inia kutoka juu na mbingu imetandazwa chini. Wanaume waliangua kicheko, wakapokezana, wakacheka tena. Mmoja akasema hicho ni kifaa cha popo. Ama akawaacha wamalize, akasogea, akaweka jicho lake pale. Alikaa muda mrefu. Aliponyanyuka alisema macho mawili hayana faida kwake, na kwamba mtu aliyezoea kufuma kikapu anajua kusoma kitu kwa upande wake wa chini.

Nami nilitazama siku ile ya kwanza. Ama alinyanyua mkono akaniachia nafasi, na kitu cha kwanza kuingia kwenye kioo kilikuwa beberu letu jeusi lenye masikio meupe, likila kando ya korongo. Lilining'inia miguu juu, kichwa chini. Jioni hiyo hiyo nilirudi kutoka kuchota maji, nikalikuta beberu lile limefungwa miguu ya nyuma kwenye boriti, kichwa chini, linachunwa. Lilichinjwa kwa ajili ya bwana nyama, kwa kuwa mgeni wa namna ile halishwi maharage. Hakuna aliyenieleza, na sikuuliza. Nilisimama na ndoo yangu kichwani nikalitazama, na lilikuwa vile vile nilivyoliona.

Watoto wana akili yao, na mimi sitaiomba radhi ile yangu. Mnyama wa miguu juu ni mnyama aliyekufa, hilo nililijua tangu nizaliwe. Basi nikaamua hivi: darubini ya macho mawili inakuonyesha kitu kilipo, na ya jicho moja inakuonyesha kitu kinakokwenda. Siku ya pili sikuikaribia. Nilipita mbali nayo, na kuku wakiisogelea niliwafukuza. Nilijua pia nyumba inayopatwa na kifo kibaya inavyokuwa. Ama alikuwa amenisimulia kwamba zamani nyumba ya namna hiyo haikuombwa moto wala chumvi, na watoto wake walichunga peke yao. Nilitazama nyumba yetu nikaona jinsi ambavyo ingebaki bila mtu mlangoni.

Siku ya tatu, jua likiwa limeshakula ukungu wote, mbogo alionekana ng'ambo, ukingoni mwa vichaka. Mpango ulikuwa umekwisha kupangwa. Baba angevuka korongo na bwana nyama, darubini ya macho mawili shingoni mwake. Ama angebaki uwanjani na ile ndefu, ambayo miguu yake ilisimamishwa karibu na ukuta, karibu kabisa na ukingo wa paa. Akimwona kuwa ndiye, atainua shuka jekundu kwenye fimbo, baba atalitazama kwa darubini yake, na bwana nyama atapiga. Akiwa siye, shuka litabaki chini. Kabla ya kuondoka baba aliweka mikono kichwani akajifanya mbogo mbele ya mama yake, akamwambia hivi: mbogo akitazama huku kwetu, pembe mbovu itakuwa upande wa mlima Oldeani. Ama akamwambia aache kumfundisha pembe, alianza kuchunga kabla yeye hajazaliwa.

Wakashuka. Ama akatazama. Mimi nilikuwa juu ya paa, na niliapa kwamba sitatazama. Lakini Ama alikohoa akageuka kutema ugoro, na kioo kikabaki wazi chini yangu. Nilishuka, nikaweka jicho. Nikamwona baba. Alikuwa anatembea angani, miguu juu, kichwa kinaelekea chini kama lile beberu.

Sijui niseme nini kuhusu woga ule, ila kwamba haukunitoa machozi. Ulinitoa ukaidi. Nikajisemea kwamba kama kitu hiki kinawapindua watu, basi mimi nitampindua baba arudi alivyokuwa. Nikapanda paa, nikalala chali, nikajivuta mpaka kichwa na mabega yakaning'inia nje ya ukingo, nikamsogeza Ama kwa kiganja, nikaweka jicho kwenye kioo nikiwa kichwa chini. Na baba akasimama. Akasimama kwa miguu yake, juu ya ardhi yake, kofia yake kichwani. Nilishusha pumzi. Nikaamua sitaondoka pale hadi arudi nyumbani, hata damu yote inijae masikioni.

Ama alikuwa na haki ya kunichapa, lakini aliniona uso akaniachia dakika moja. Kisha akasukuma kichwa changu kando, akatazama mwenyewe. Akasema ndiye, pembe iko upande wa Oldeani, akachukua fimbo akainua shuka.

Nikarudisha jicho. Mbogo alikuwa ametugeukia uso. Kwangu mimi niliyekuwa kichwa chini, Oldeani ilikuwa mahali pake, na pembe iliyovunjika ilikuwa upande wa pili. Ama alikuwa amezoea miguu juu na kichwa chini, lakini hakukumbuka kwamba kifaa kinachopindua juu na chini kinapindua pia kushoto na kulia. Wala mimi sikulijua hilo. Nilijua tu nilichokiona. Hakuna mtu kijijini aliyewahi kuwaza kwamba kulikuwa na madume mawili ya pembe mbovu.

"Ama, siye," nilisema.

Akaniambia ninyamaze. Nikasema tena siye. Akasema yeye ameona, na kwamba mtoto wa kike anayemkanusha bibi yake kichwa chini ataolewa na fisi. Basi nikanyoosha mkono uliokuwa unaning'inia, nikalikamata shuka, nikalivuta kwa nguvu zangu zote. Fimbo ikaanguka. Shuka likanifunika kifuani na usoni, likateremka ukutani hadi karibu na ardhi. Sikuweza kuona kitu. Nikasikia Ama ananiita jina langu lote, lile la ubatizo na lile la nyumbani, na baadaye kidogo nikasikia bunduki.

Ilipigwa mara moja, halafu mara ya pili.

Yaliyotokea ng'ambo niliyasikia kwa bwana nyama mwenyewe akiwasimulia wanaume. Walikuwa wamepiga magoti mbele ya kichaka kizito, bunduki imeelekezwa kwa yule mbogo wa ukingoni, wanasubiri ishara. Baba aliinua darubini kutazama nyumbani. Ghafla akamshika bwana nyama mkono, akasimama wima, akaanza kukimbia kurudi korongoni bila kusema neno. Bwana nyama alimfuata akimtukana. Walipokuwa hatua thelathini hivi kutoka pale, kichaka kile kile walichokuwa wamekipa mgongo kilipasuka, akatoka dume la pembe ya kulia iliyovunjika, akipita juu ya nyasi ambazo bado zilikuwa zimelala kwa magoti yao. Bwana nyama aligeuka akapiga. Mbogo huyo ndiye aliyempasua Mzee Bura. Yule mwingine, aliyekuwa hana kosa, alikwenda zake.

Lakini hayo nilikuwa bado sijayajua wakati baba alipofika. Alikuja akikimbia, amepoteza kofia, uso umekuwa wa kijivu. Nilikuwa nimeshashuka, nimesimama uwanjani na shuka mkononi, nataka kumwambia kwamba nilimsimamisha. Alinitazama. Akanipiga kofi, la shavuni, zito. Nililia kwa sauti. Akageuka akaenda kukaa nyuma ya nyumba peke yake.

Kofi lile nilikaa nalo miaka mingi. Nilijua nimechapwa kwa sababu ya shuka, kwa sababu ya ukaidi, kwa sababu msichana ameingilia mambo ya wawindaji. Kesho yake wanaume walikusanyika kwenye nyama, darubini zote mbili zikawekwa juu ya ngozi katikati, wakazungumzia ipi ibaki. Ama akasimama. Alikuwa mtu wa kiburi, na najua ilimgharimu nini. Akasema mbele ya wote: "Mimi nilikosea. Aliyemwona ni mtoto huyu, kwa darubini hii."

Wakacheka kwa heshima. Mmoja akasema kifaa ambacho ili ukitumie lazima uning'inie paani si cha watu wazima. Wote wakamgeukia baba, na mimi nikamtazama baba kuliko wote. Hakunitazama. Alichukua ile ya macho mawili akaivaa, akafunga ile ndefu katika mkoba wake wa ngozi kwa haraka, kama mtu anayefunga nyoka, akaipeleka Oldeani siku ile ile.

Sikula nyama ya mbogo yule. Kijiji kizima kilikula siku tatu, mafuta yakawachuruzika watoto hadi kwenye viwiko, na mimi nilikula ugali mkavu nikiwatazama. Waliniambia ni ujeuri. Ulikuwa ujeuri, na hadi leo sijaona kosa lake.

Nilikua, nikasoma, nikaolewa na mtu ambaye si fisi. Darubini ya macho mawili ilibaki kwenye msumari juu ya kitanda cha baba, na miaka yote hiyo sikuigusa. Nilimpenda baba, lakini kulikuwa na sehemu yangu moja iliyokuwa imesimama uwanjani inasubiri aje aeleze.

Alieleza mwaka jana, wiki chache kabla hatujamzika. Nilikuwa nimemtoa nje aote jua, nimemfunika blanketi, naye akaniomba nimletee darubini yake atazame msitu. Nilipompa, mikono haikuweza kuiinua. Nikaishikilia mbele ya macho yake, na kwa kuwa nilikuwa nyuma yake, ambako hakuniona uso, nikamuuliza kwa nini alinipiga siku ile.

Alisogeza kichwa kando ya darubini.

"Ishara sikuiona," akasema. "Nilikuona wewe. Kichwa kinaning'inia paani, mikono imelegea, na damu imeteremka ukutani hadi chini. Nilidhani umekufa, mwanangu. Nilipofika nikakukuta umesimama, sikuamini. Nilikupiga ili nisikie unalia."

Nikamuuliza, na ile darubini ndefu?

"Ile ndiyo iliyokuning'iniza. Hii ndiyo iliyonionyesha wewe. Ningechaguaje ile?"

Basi nikamwambia na mimi. Nilimwambia kuhusu beberu, na jinsi nilivyomwona anatembea miguu juu, na kwamba mambo ya pembe yalikuja baadaye, mimi nilikuwa namsimamisha tu. Alicheka mpaka akakohoa, nikampiga piga mgongoni. Akataka nirudie. Nikarudia.

Wale wanaume karibu wote wameshakufa. Walikwenda wakiamini kwamba bahati iliwaokoa na kwamba mtoto mmoja mtundu alikuwa anacheza paani. Nawaambia hapa, wanisikie walipo: sikuwa nacheza.

Kijana wa dukani alikuwa bado anasubiri, amekunja mikono. Akaniuliza kwa upole, bibi, umeamua ipi? Nikamwambia afunge zote mbili. Akaanza upya kwamba porini hakuna anayebeba zote, kwamba mwindaji lazima achague.

"Funga," nikamwambia. "Mjukuu wangu ana mabega mawili."